Upepo wa mashine ya kupepetea mchele: hesabu ya punje moja haitoshi

Wateja wangu wengi ni wauza mchele wa Tandale, na wakifika hapa karakana ya Gerezani, Dar es Salaam, huanza na swali lilelile: "Fundi, niweke feni ya ukubwa gani?" Feni ni ya mwisho. Tunaanza na punje.

Hesabu punje 100 za mchele utakaopita kwenye mashine, uziweke kwenye mizani ya sonara. Tuseme umepata gramu 2.1, kila punje ina miligramu 21. Pima kwa kalipa, kile kipimo cha kubana kitu kujua unene wake: urefu milimita 7, unene 2. Ujazo huo ni sawa na wa goroli yenye kipenyo cha milimita 3, na wengi hushika goroli hiyo wakapiga nayo hesabu yote. Wanajidanganya. Mchele ukilala ubavu, upepo unapiga eneo la milimita 11 za mraba. Ukielekeza ncha, 3 tu. Punje inayoanguka hewani hupenda kulala ubavu huku ikiyumba, kwa hiyo chukua 11.

Sasa zidisha: nusu ya densiti ya hewa (uzito wake kwa mita ya ujazo), mara namba ya ukinzani (jinsi umbo la punje linavyozuia upepo), mara eneo, mara mwendo wa upepo kipeo cha pili. Hewa ya Dar kwenye nyuzi 30 ni kama kilo 1.17 kwa mita ya ujazo. Ukinzani weka 1. Sawazisha jibu na uzito wa punje, utapata mwendo wa mita 5.7 kwa sekunde. Ukipita hapo, mchele unapaa pamoja na pumba.

Hiyo ni punje moja, iko peke yake. Hakuna mashine inayopepeta punje mojamoja.

Hopa, lile sanduku la juu linalomwaga mchele, ikimwaga kilo 30 kwa dakika kupitia mwanya wa sentimita 30 kwa 1, basi sentimita 5 chini yake punje zinashuka kwa mita 1 kwa sekunde, na zimejaza kama asilimia 11 ya nafasi. Hewa inabanwa katikati yao, inakimbia zaidi, inasukuma zaidi. Watafiti Richardson na Zaki walitoa kanuni yake mwaka 1954: chukua sehemu iliyobaki wazi, hapa 0.89, ipandishe kipeo cha 2.4, zidisha kwa 5.7. Unabaki na 4.3. Kanuni ilitokana na punje za mviringo, kwa hiyo kwa mchele ni makadirio, lakini imeshakuonya: upepo wa mita 5 kwa sekunde uliodhani salama itakumwagia mchele nje.

Halafu kuna balaa la upande wa pili. Punje zikishuka zimeshikana kama fungu, za mbele zinazikinga za nyuma, na pumba iliyo katikati haiguswi na upepo. Kuongeza feni hakusaidii. Refusha mwanya badala ya kuupanua, weka bati la mteremko litawanye mchele, na shusha mdomo wa feni: sentimita 20 chini ya hopa punje zinashuka kwa mita 2 kwa sekunde, msongamano umepungua nusu.

Anemometa, kipima mwendo wa upepo, ipitishe mdomo mzima wa feni, kwenye kona pia. Kona ndizo huwa dhaifu. Anza na mita 3 kwa sekunde, panda taratibu. Ukiona punje nzima kwenye gunia la pumba, rudi nyuma kidogo, kisha jaribu tena hopa ikiwa imejaa, maana mteja ndivyo atakavyoitumia.