SOMO: Pendulamu, kosa la kipimo na breki za basi (naeleza mara ya mwisho)

Jioni tuisheni hapa Ngamiani, Tanga, naulizwa lile lile, usiku simu inaita kwa lile lile. Soma kwanza, ndipo uulize.

1. Andika ulichopewa pamoja na vizio. Kilomita kwa saa gawa kwa 3.6, upate mita kwa sekunde.

2. Chora, hata ovyo.

3. Pendulamu ni goroli linaloning'inia kwenye uzi. Pima uzi hadi katikati ya goroli. Tuseme sm 100, kosa 0.1.

4. Hesabu goroli kwenda na kurudi mara 20.

Hapa ndipo nilipoumbuka. Mtihani wa vitendo, kidato cha sita, niliachia goroli huku natamka "moja". Kufika "ishirini" nikabonyeza saa: sekunde 38. Nikagawa kwa 20, nikapata 1.9, na g (mchapuko wa kitu kinachoanguka, ndiyo tunayoitafuta) ikatoka 10.9. Nikarudia mara tatu, jibu lile lile, nami nikazidi kuliamini! Kumbe goroli limekwenda na kurudi mara 19 tu. Anza na "SIFURI". Kosa la namna hii halipungui hata urudie mpaka alfajiri. Kurudia kunasaidia pale kidole kinapowahi au kuchelewa tu. Na usilivute goroli mbali: pembe ya nyuzi 10 inatosha. Zima feni.

5. g = 4π²l ÷ T²; l ni urefu wa uzi kwa mita, T ni sekunde za kwenda na kurudi mara moja. Ukihesabu vizuri mara 20 unapata sekunde 40.0 (T ni 2.0), kosa 0.2, yaani asilimia 0.5. Uzi ni asilimia 0.1. T ina kipeo cha pili, kwa hiyo 0.5 inaingia mara mbili: jumla asilimia 1.1. Makosa ya asilimia yanajumlishwa hata fomula ikigawa. Jibu: 9.9 ± 0.1. Usiniletee 9.8696044 eti kikokotoo kimesema.

6. Mwendo: basi la km 72 kwa saa linafunga breki, linasimama baada ya mita 40. Muda hukupewa wala hukuulizwa, chukua v² = u² + 2as (u kasi ya mwanzo, v ya mwisho, a mchapuko, s umbali). 0 = 400 + 80a, mchapuko ni −5.

MASWALI

– Mkuu, namba 6 mbona mimi napata −64.8?
– Hatua ya 1.
– Nimeisoma.
– Hukuisoma.

– Shikamoo mwalimu. Kwa nini mara 20, isiwe moja?
– Marahaba mwanangu, swali zuri. Kidole kinakosea kama sekunde 0.2, upime moja au ishirini. Kwenye sekunde 2 hiyo ni asilimia 10, kwenye 40 ni nusu asilimia. Mara 50 ni bora zaidi, ila utapotea kuhesabu.

– Sisi tuliambiwa g ni 10, mnahangaika nini?
– Swali likisema tumia 10, tumia 10. Hapa tunaipima. Sijasema aliyekuambia kakosea.

– Nje ya mada: baiskeli hadi Raskazone km 12 kwa saa, kurudi 6 (upepo). Wastani 9?
– 8. Chukua njia ya km 4: dakika 20 kwenda, 40 kurudi. Km 8 kwa saa nzima.

– Kamba ya katani inafaa? Huku ndiyo tele.
– Inajisokota, goroli litazunguka kama pia. Tafuta mshipi wa kuvulia. Nao unavutika kidogo, kwa hiyo ning'iniza goroli kwanza, ndipo upime urefu.