SOMO: Kuangalia kibanda cha uchumba cha ndege wa Australia bila kukivuruga

Wakuu, kila nikiweka picha ya kile kibanda cha vijiti chenye vifuniko vya chupa vya bluu naulizwa mayai yako wapi. Hakuna mayai. Ule ni ukumbi wa kumvutia jike, basi. Naandika leo ili kesho nikuelekeze hapa.

Ndege mwenyewe ni Ptilonorhynchus violaceus (Waingereza humwita satin bowerbird) wa mashariki ya Australia. Dume ni mweusi wa kung'aa kibluu, jike ni kijani.

1. Nenda kati ya Septemba na Desemba. Hifadhi ya Lamington, kusini mwa Brisbane, inafaa.

2. Macho chini, si mitini.

3. Tafuta bluu: manyoya ya kasuku, maua, vibanio vya nguo, mirija. Ukiviona vimetandazwa pamoja na maua ya njano mbele ya kuta mbili za vijiti, umefika.

4. USIGUSE KITU. Mimi nilisogeza kifuniko kimoja ili picha ikae vizuri. Dume aliporudi akaacha kuita, akashughulika kupanga upya, na jike aliyekuwa tawini akajiondokea. Usiongeze chochote pia. Nyekundu ataitupa nje, na zile pete za plastiki za chupa za maziwa zinaweza kumnasa shingoni zikamuua. Zikate kabla ya kuzitupa jalalani. Na usimkurupushe. Akiwa hayupo, madume jirani huja kuiba mapambo na kubomoa kuta. Wizi kwao ni kawaida.

5. Rudi nyuma, kaa, nyamaza. Darubini inatosha.

6. Jike akiingia kati ya kuta, dume hubaki nje na kitu mdomoni, anatunisha manyoya, anavuma, anaiga sauti za ndege wengine. Kuta nazo huzipaka rangi kwa mimea aliyoitafuna ikachanganyika na mate.

MASWALI

Kipanga: Mkuu, kwa hiyo anataga kwenye hivyo vijiti?
— Soma aya ya kwanza. Jike hujenga kiota chake mtini na kulea peke yake. Dume hachangii hata kijiti.

Bi Mkunga: Nimeona wa kijani akijenga. Majike nao hujenga?
— Umeangalia vizuri, dada. Huyo ni dume kijana. Rangi nyeusi huikamilisha akiwa na miaka 7 hivi. Kabla ya hapo anafanana na jike, na vibanda vyake vya kujifunzia huwa hovyo kweli.

Mzamiaji: Niko Townsville, kaskazini-mashariki mwa Australia. Wa huku anapanga mifupa na mawe, bluu hamna.
— Huyo ni Chlamydera nuchalis, ndugu wa huyu wa bluu, na una bahati. Angalia ukubwa: vidogo karibu na mlango, vikubwa mbali, hivyo jike akiwa ndani huona sakafu ya vitu vinavyolingana. Mtafiti John Endler na wenzake waligeuza mpangilio huo. Madume wakaurudisha ndani ya siku 3.

Kipanga: Si sawa na kwera tu?
— Hapana. Kiota cha kwera hutagiwa mayai. Ukitaka wa kwetu anayekaribia, nenda nyanda za juu za Kenya majira ya mvua, umtafute Euplectes jacksoni, ndege wa jamii ya kwera. Dume hukanyaga nyasi hadi apate uwanja wa duara, anaacha kishungi katikati, kisha anaruka juu chini hapo. Jike hutaga kwingine.

Dogo Janja: Naweza kuwapelekea vifuniko vya bluu wafurahi?
— Namba 4.

Bi Mkunga: Lenzi ya 300 inafaa?
— Inafaa sana. Zima mlio wa kamera.