Nyama ya elki huharibika hata penye theluji

Mwindaji anayepanda milima ya Montana, jimbo la Marekani, mwishoni mwa Novemba, msimu wa kuwinda kwa bunduki unapokaribia kufungwa, asidhani kwamba baridi kali itamhifadhia nyama. Dume la elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, huweza kupita kilo 300, na ngozi yake nene yenye manyoya mazito huzuia joto lisitoke mwilini, hata nyama inayozunguka mfupa wa nyonga ikaanza kunuka usiku uleule ilhali maji ya chupani yameganda. Upande uliolalia theluji ndio huchelewa zaidi kupoa, jambo ambalo wageni hawalitarajii. Kwa hiyo mnyama achunwe papo hapo, mapaja na mikono vikatwe kando, na kila paja lipasuliwe hadi mfupani. Kisha vipande viwekwe katika mifuko ya kitambaa kinachopitisha hewa, si ya plastiki, na vitundikwe kivulini. Kwenye maeneo ya grizzly, dubu wakubwa wa kahawia ambao baadhi yao huwa bado hawajaingia mapangoni kulala majira ya baridi, nyama isogezwe mbali na matumbo na itundikwe mahali panapoonekana kwa mbali, ili anayeirudia asubuhi aikague kwa darubini kabla ya kuikaribia.