Korido Moja Inatosha: Namna ya Kutengeneza Gemu ya Kutisha kwa Mradi wa Chuo

Wanafunzi wengi wanaochagua gemu ya kutisha ya nafsi ya kwanza, yaani inayoonwa kwa macho ya mhusika mwenyewe, kuwa mradi wao wa mwaka wa mwisho huanza na hospitali ya ghorofa nne iliyohamwa, na muhula huwaishia wakiwa bado wanapanga vitanda. Ushauri wangu ni kupunguza tangu siku ya kwanza: tengeneza nyumba moja, mchezo wa dakika kumi, na hofu uitafute katika vitu ambavyo mchezaji anavisikia kabla hajaviona.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam nyumba hiyo ipo tayari. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Magomeni ina baraza mbele, korido inayopita katikati, vyumba vinavyotazamana, na ua wenye jiko na choo nyuma. Mchezaji akisimama mwanzo wa korido anaona milango sita, hajui ni upi utakaofunguka, na anafahamu kwamba choo kiko uani, kwa hiyo apende asipende atapita yote. Omba ruhusa kwa wenye nyumba, kisha upime kwa futikamba upana wa korido na kimo cha milango, kwa maana vipimo vya kukisia hutoa korido pana kama ukumbi wa harusi, na humo hakuna anayeogopa.

Kuhusu injini, yaani programu ya kutengenezea gemu, Unreal Engine hutoa picha nzuri mno, lakini hula makumi ya gigabaiti, na kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 8 bila kadi ya michoro itahema. Godot ni ya bure, ni nyepesi hata kwa bando la mwanafunzi, na ina namna ya uchoraji iitwayo Compatibility inayozivumilia mashine dhaifu. Ongeza Blender kwa maumbo na Audacity kwa sauti, nazo pia ni za bure.

Anza na mchezaji mwenyewe. Mjenge kwa CharacterBody3D, kipande cha Godot cha mhusika anayetembea, uiweke kamera kwenye kimo cha mita 1.6, na mwendo wake usizidi sana mita 2 kwa sekunde. Kwa kuwa kipimo cha Godot ni mita, namba za futikamba, ukipima kwa mita, zinaingia kama zilivyo. Kutoka katikati ya kamera toa mwale wa RayCast3D wenye urefu wa mita 2; mwale ukigusa mlango na mchezaji akibonyeza kitufe, mlango ufunguke polepole, kwa sekunde mbili hivi, maana mlango unaofunguka ghafla humnyima mchezaji muda wa kujuta.

Giza nalo lipewe sababu. Badala ya tochi yenye betri, ambayo kila gemu inayo, tumia LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, iliyo ukutani: uniti zinapokaribia kwisha inaanza kulia, na zikiisha taa zote zinazimika. Ukungu mwepesi mwisho wa korido utaficha umaskini wa maumbo yako, na hilo si jambo la kuonea haya, kwani watengenezaji wa Silent Hill, gemu ya mwaka 1999, walitumia ukungu kuficha kikomo cha uwezo wa PlayStation.

Sauti ndiyo kazi kubwa, na nusu ya muda wako iwe hapa. Usiku, zima pangaboi, weka simu sakafuni mwisho wa korido, mtu avae kandambili na atembee akiburuta mguu mmoja juu ya sementi. Rekodi pia komeo likirudishwa taratibu na tone la maji likidondokea kwenye ndoo. Sauti hizo zipachikwe kwa AudioStreamPlayer3D ili mwenye visikizi ajue kandambili zinatokea kushoto au nyuma yake. Kwa maoni yangu, mtoto wa Dar hakukua akiogopa zombi. Alikua akiogopa nyayo za mtu ambaye hayupo.

Mwenye kandambili, yaani adui wa gemu, anahitaji hali tatu tu, yaani kuzunguka, kutafuta na kufukuza. NavigationAgent3D itamwonyesha njia. Asikie mlango uliofunguliwa ndani ya mita 8, aje hadi pale, asubiri, kisha aondoke. Sura yake ionekane mara moja, mwishoni, au isionekane kabisa.

Hifadhi kazi kwa Git, programu ya kutunza matoleo ya kazi, kila jioni na uipeleke nje ya mashine yako. Mimi niliwahi kupoteza kazi ya siku tatu umeme ulipokatika faili likiwa linaandikwa. Wewe mtengenezaji hutaogopa tena baada ya wiki ya pili, kwa hiyo tafuta wajaribu wapya kila mara, kaa nyuma yao kimya, na uandike ni wapi walisita na wapi walicheka.

Siku ya kuwasilisha, projekta katika chumba chenye mwanga itaigeuza gemu yako kuwa ukuta mweusi. Weka kipimo cha mwangaza kwenye menyu, jaribu faili la mwisho kwenye kompyuta ya mtu mwingine siku moja kabla, nenda na spika zako, na uombe mapazia yafungwe kabla msimamizi hajaketi.