Namna ya Kufuatilia Huduma za Usafi na Mazingira katika Manispaa ya Moshi

Moshi ni mji wenye jina kubwa katika usafi, na kwa miaka mingi umetajwa miongoni mwa washindi wa mashindano ya kitaifa ya usafi wa mazingira. Hata hivyo, sifa hiyo hutegemea kazi ya kila siku ya watumishi wa halmashauri, na mkazi wa Pasua, Njoro au Kiboriloni hunufaika na kazi hiyo ipasavyo pale anapojua ofisi ya kuiendea na maneno ya kuiandikia.

Anza kwa kutambua tatizo lako ni la nani, kwa sababu malalamiko mengi hukwama kwa kupelekwa kusikohusika. Halmashauri ndiyo yenye wajibu wa taka ngumu: kuzizoa majumbani, madukani na masokoni, kuzisafirisha hadi dampo, na kusimamia usafi wa maeneo ya wazi. Mtandao wa majitaka uko chini ya mamlaka ya maji, yaani MUWSA. Barabara za mitaa pamoja na mitaro yake zinajengwa na kutengenezwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini iliyoanza kazi mwaka 2017, ilhali barabara kuu ya kwenda Arusha au Himo ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Tawi la mti linalogusa nyaya za umeme ni suala la TANESCO, na kiwanda kinachotiririsha maji machafu mtoni huweza kuripotiwa kwa afisa mazingira wa manispaa au kwa NEMC, baraza la taifa la mazingira.

Mtaro ulioziba ndio unaowachanganya watu zaidi, hasa wakati wa masika, na hapa inafaa kuchunguza kabla ya kulalamika. Ukikuta chupa za plastiki, maganda na mchanga vimejazana, hiyo ni kazi ya usafi na unapaswa kwenda upande wa halmashauri. Ukikuta ukuta wa mtaro umebomoka au mfuniko wa zege umevunjika, tatizo ni la ujenzi na linakwenda TARURA. Maji yakiwa meusi, yananuka na yanatiririka hata siku za jua kali, huenda chemba ya majitaka imefurika, na hapo mwarifu MUWSA. Au pengine jirani amefungulia choo chake kwenye mtaro, jambo ambalo ni kosa la kiafya na linamhusu bwana afya moja kwa moja.

Ukishajua hilo, peleka taarifa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa wako, kwa mwenyekiti au afisa mtendaji wa mtaa. Kutoka hapo taarifa hupanda kwa mtendaji wa kata na afisa afya wa kata, ambaye ndiye jicho la halmashauri katika eneo lako. Kwenda moja kwa moja makao makuu ya manispaa hakukatazwi, lakini mara nyingi utaulizwa kama ofisi ya kata inajua, kisha utarudishwa.

Taarifa ya mdomo husahaulika, hivyo andika barua hata kama ni ya nusu ukurasa. Ielekeze kwa Mkurugenzi wa Manispaa, kupitia kwa mtendaji wa kata, kwa kuwa mawasiliano rasmi ya halmashauri hupokelewa kwa jina la mkurugenzi, kisha hupelekwa kwa wataalamu wanaohusika. Sentensi kama "mtaa wetu ni mchafu" haimpi afisa la kufanya. Andika kwa mfano hivi: "Kontena la taka lililo nyuma ya soko, upande wa maduka ya nafaka, halijaondolewa kwa wiki mbili, taka zimemwagika hadi njiani na maji yake yanaingia kwenye mtaro." Ambatisha picha, taja tarehe, kisha hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Nakala hiyo ndiyo itakayokusaidia ukilazimika kupeleka suala mbele zaidi.

Kuhusu ada ya taka, viwango huwekwa kwa sheria ndogo za halmashauri na hutofautiana kati ya nyumba ya kuishi, duka na hoteli. Lipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo au kwa mashine ya POS, na usikubali kutoa fedha bila risiti, hata kama mkusanyaji ni mtu unayemfahamu. Ada hiyo ndiyo inayochangia mafuta ya magari ya taka na malipo ya wazoaji. Isipoingia kwenye hesabu za halmashauri, gari husimama. Uliza pia ratiba ya gari katika mtaa wako, na kama kazi imepewa mzabuni, uliza mkataba unamtaka apite mara ngapi kwa wiki.

Kwa upande wako, tenga taka kabla ya siku ya gari. Maganda ya ndizi na mabaki ya mboga hayana haja ya kwenda dampo ilhali wafugaji wa ng'ombe wa ndani wanayahitaji. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Usichome taka uani, na usichanganye sindano au wembe na taka nyingine, kwani mzoaji anazishika kwa mikono.

Barua isipojibiwa, lipeleke suala kwenye mkutano mkuu wa mtaa, ambao unapaswa kufanyika mara kwa mara, na uombe liandikwe kwenye muhtasari. Mpe diwani nakala ya muhtasari huo ili aufikishe kwenye kamati inayohusika na mazingira, na hatimaye kwenye baraza la madiwani, ambalo wananchi wanaruhusiwa kuhudhuria na kusikiliza. Ombi linalohitaji fedha mpya, kama kontena la ziada au kizimba cha kukusanyia taka, lina wakati wake: mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na mipango ya mitaa hukusanywa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo liwasilishe mapema, mtaa unapoorodhesha vipaumbele vyake, badala ya kusubiri hadi bajeti iwe imekwisha kupitishwa.