Namna ya Kufuatilia Maana na Asili ya Neno "Hatamu"

Katika mji ambao Bunge huketi na ambako Chama Cha Mapinduzi kina makao makuu yake, neno "hatamu" halikawii kusikika. Fulani ameshika hatamu, mwingine amekabidhi hatamu, vijana nao wanahimizwa wajiandae kupokea hatamu za uongozi. Ukimwuliza mwanafunzi wa sekondari wa Dodoma hatamu ni kitu gani, aghalabu atakujibu kwamba ni madaraka, na hatakuwa amekosea, isipokuwa atakuwa ameanza hadithi katikati. Maelezo haya ni kwa mwalimu au mwanafunzi anayetaka kulifuatilia neno hilo tangu lilipokuwa kamba ya mnyama hadi lilipoingia katika lugha ya dola, na namna ya kuliandikia maelezo yanayoweza kutegemewa.

Anza na kifaa chenyewe, maana anayeanza na siasa hataelewa kwa nini siasa ililichagua neno hili na kuacha mengine. Farasi wa kupandwa huwekwa kipande cha chuma kinywani, kinachoitwa lijamu. Kutoka kila upande wa lijamu hutoka ukanda wa ngozi au kamba inayofika mikononi mwa mpandaji, nayo ndiyo hatamu. Wengine huiita kigwe. Mpandaji akivuta upande wa kushoto, lijamu humbana farasi mdomoni naye hugeuza kichwa kushoto. Akivuta pande zote mbili kwa pamoja, farasi hupunguza mwendo au husimama. Tandiko, ambalo pia huitwa seruji, hukaa mgongoni, na vikuku ni vya kukanyagia, kwa hiyo visichanganywe na vifaa vya kichwani. Liangalie vizuri jambo hili: mwenye kushika hatamu hatumii nguvu ya kumbeba wala kumkokota mnyama. Nguvu yote ni ya farasi, na kazi ya mkono ulioshika hatamu ni kuelekeza na kuzuia tu. Maana ya uongozi imechipuka hapo.

Ukishajua vifaa hivyo, nenda ukaone wanyama walio karibu nawe, kwa sababu utagundua jambo ambalo kamusi haitakuambia. Katika vijiji vya Bahi au Chamwino, mkoani Dodoma, punda wanaobeba maji hufungiwa madumu ya lita ishirini ubavuni, na mwenye punda hutembea nyuma akiwaswaga kwa fimbo na sauti. Mara nyingi punda hao hawana chuma kinywani, na kamba ikiwapo ni ya shingoni, ya kumfungia mnyama anapopumzishwa. Ng'ombe wa kulimia nao huvalishwa nira shingoni, na mtu mmoja hutangulia mbele akiwaongoza. Kwa hiyo mtoto anayekulia hapa anaweza kuwaona wanyama wa kazi kila siku asiione hatamu kamili hata mara moja, akalijua neno hilo kutoka redioni kabla ya kukijua kitu chenyewe. Waulize wazee kamba hizo wanaziitaje kwa Kigogo, Kirangi au Kisandawe, na uandike jibu kama lilivyotamkwa bila kulirekebisha lifanane na Kiswahili.

Uhaba wa farasi katika eneo hili una sababu zake. Mbung'o walieneza nagana, ugonjwa unaoua farasi na ng'ombe, na ndiyo maana misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Ugogo hadi Tabora na Ujiji ilitegemea mabega ya wapagazi kuliko migongo ya wanyama. Usitafute basi asili ya neno hili kwa wafugaji wa bara. Itafute pwani, na ng'ambo ya pwani.

Hapo ndipo penye kazi ya kufanywa kwa uangalifu zaidi. "Hatamu" limetokana na neno la Kiarabu "khitamu", ambalo ni kamba au kigwe kinachofungwa puani au kwenye pua na mdomo wa ngamia ili aongozwe. Shina lake katika Kiarabu linahusiana na pua na mdomo wa mnyama. Yaani kabla halijawa la mpanda farasi, neno hili lilikuwa la mwenye ngamia, na ngamia wa namna hiyo hakuhitaji chuma kinywani. Kiswahili kilipolipokea, sauti "kh" ikawa "h", na "t" nzito ya Kiarabu ikawa sawa na "t" ya kawaida. Mabadiliko hayo mawili yametega mtego ambao wengi hunaswa nao: neno "hatima", pamoja na ndugu zake "hitimu", "hitimisho" na "hitima" inayosomwa kwa ajili ya marehemu, hutokana na shina jingine kabisa lenye maana ya kumaliza na kufunga. Kwa sauti za Kiswahili mashina hayo mawili yanaonekana kama ukoo mmoja. Mwonyeshe mwalimu wa madrasa maneno hayo, umwombe akuandikie kwa herufi za Kiarabu, naye atakuandikia moja kwa "twaa" na jingine kwa "taa", na utaona kwa macho yako kwamba hayana undugu. Kwa maoni yangu hatua hii haifai kurukwa, kwa kuwa ndiyo inayotenganisha utafiti na kubahatisha kwa kufuata mlio wa neno.

Lijamu lina safari yake fupi ya kueleza: Kiarabu kililipata kutoka Kiajemi, na Wahindi hadi leo husema "lagam" kutoka chanzo hichohicho. Ukitaka kuona maneno haya mawili yakisimama pamoja katika Kiswahili kilichozoeleka nyumbani, fungua Zaburi ya 32, mstari wa 9, katika Biblia ya Kiswahili ya Union, panapotajwa farasi na nyumbu.

Sasa ndipo ugeukie siasa, na hapa panga ushahidi wako kwa miaka. Mwaka 1975 katiba ya nchi ilirekebishwa na kukifanya chama kuwa na mamlaka ya juu. CCM ikazaliwa tarehe 5 Februari 1977 kwa kuunganishwa TANU, chama cha Tanganyika, na ASP, chama cha Zanzibar. Na usemi "chama kushika hatamu" ukawa jina la mfumo mzima wa utawala, si tamathali tena. Mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992, msingi wa kisheria wa usemi huo uliondolewa, lakini neno lilibaki na kuenea kwa makocha, wakurugenzi na wenyeviti wa vijiji. Taarifa za majadiliano ya Bunge ni hazina kubwa kwa kazi hii. Soma za kabla na baada ya 1992, ukitazama nani anasemwa kuwa ameshika hatamu: chama, mtu mmoja, au kundi. Kisha linganisha kamusi za nyakati mbalimbali, tangu ile ya mmisionari Krapf ya 1882 hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 na zilizofuata, uone ni maana ipi inayotangulizwa.

Usisahau kulipima neno kwa jirani yake "usukani", ambalo pia ni la Kiarabu lakini limetoka chomboni baharini. Kiongozi mpya anaweza kushika hatamu au kushika usukani, na msikilizaji hatashtuka. Lakini timu inayoongoza ligi kwa pointi husemwa kuwa inashika usukani wa ligi. Haishiki hatamu, kwa kuwa kutangulia wengine hakuipi mamlaka juu yao. Kipimo hiki kitakusaidia pia kumsahihisha anayeandika "ameshika hatma ya uongozi". Hatma ya uongozi ni mwisho wake au yatakayoupata, na anayepewa cheo hakukabidhiwa mwisho.

Unapoandika maelezo yako, onyesha kwamba neno liko katika ngeli ya I-ZI: hatamu ya punda huyu imekatika, hatamu za nchi ziko mikononi mwa wananchi. Tanguliza maana ya kifaa, ufuatishe ya mamlaka, kisha utaje vitenzi vinavyoandamana nalo, yaani shika, pokea, kabidhi, achia na vuta. Kila sentensi ya mfano iwe na mwaka na mahali ilipopatikana, na zile ulizozisikia kwa masikio yako zitengwe na zile ulizozitoa katika maandishi.