Nyoka wako anaumwa? Anza na nyumba yake

Somo hili ni la wafugaji wa nyoka wasio na sumu, hasa chatu wa mpira (Python regius), yule anayejikunja duara akiogopa, na nyoka wa mahindi (Pantherophis guttatus). Wengi wetu tunafuga hao. Nyoka wa sumu wana taratibu zao na sitawagusa hapa.

Nyoka ni mficha maradhi. Halii wala hachechemei, na ukiona dalili ujue tatizo limeanza siku nyingi nyuma. Ukifuatilia chanzo, mara nyingi unakikuta kwenye kizimba: joto limepungua, au unyevu umekosekana, au umezidi. Kwa hiyo tunaanza na vipimo. Dawa itafuata, tena ikibidi.

Hatua ya 1: Pima, usikisie

Mwili wa nyoka hautengenezi joto la kumtosha. Kusaga chakula, kupambana na vijidudu, kupona kidonda, vyote vinategemea joto analolikuta nje. Kizimba kiwe na upande wa joto na upande wa baridi ili achague mwenyewe. Chatu wa mpira anahitaji nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi upande wa joto na 24 hadi 27 upande wa baridi. Nyoka wa mahindi anatosheka na 28 hadi 31 upande mmoja na 22 hadi 25 upande mwingine.

Weka vipimajoto viwili vya kidijitali, kila upande kimoja, na kile kihisio chake kikae chini, pale tumbo la nyoka linapolala. Ukikibandika juu ya kioo unapima hewa ambayo nyoka hailalii. Vile vya mshale vya kubandika viache, vinadanganya sana.

Mkeka wa joto bila themostati, kile kifaa kinachouzima na kuuwasha ili joto lisizidi, ni hatari. Nalisema hili kwa uchungu, maana chatu wangu wa kwanza aliungua. Mkeka niliuchomeka moja kwa moja, nikagusa kioo kwa kiganja, nikaona kina uvuguvugu tu. Siku chache baadaye nilipomwinua, magamba ya tumbo yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, kingo zimejikunja, mawili yanatoa majimaji. Na bado alikuwa amelala palepale. Nyoka anaweza kubaki juu ya kitu kinachomuunguza bila kuhama, kwa hiyo usitegemee kwamba "akisikia moto ataondoka". Alijivua gamba mara kadhaa kabla tumbo halijakaa sawa.

Unyevu: asilimia 60 hadi 80 kwa chatu wa mpira, 40 hadi 60 kwa nyoka wa mahindi. Chatu mtandikie makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, yanashika unyevu bila kuwa tope. Maranda ya mwerezi ni mwiko kabisa, mafuta yake yenye harufu yanadhuru mapafu. Na unyevu usigeuke kuwa matandiko yaliyolowa chapachapa: tumbo likilala kwenye maji siku nzima magamba yanafanya malengelenge, kisha yanaoza.

Maficho yawe mawili, moja kila upande, ya kumbana kidogo. Akiwa na ficho moja tu upande wa baridi, ataukosa joto ili apate usalama.

Hatua ya 2: Gamba lililokwama

Nyoka akikaribia kujivua gamba, rangi yake hufifia na macho yanakuwa na ukungu wa buluu. Baada ya siku chache macho yanang'aa tena, na muda si mrefu anajivua. Kipindi hicho usimshikeshike, haoni vizuri na anashtuka upesi. Gamba zuri hutoka kipande kimoja, limegeuzwa ndani nje kama soksi.

Usilitupe kabla ya kulikagua. Lilaze mezani, lilowanishe kidogo, litandaze sehemu ya kichwa. Utaona viduara viwili angavu, mithili ya vioo vidogo vya saa. Hayo ni magamba ya macho, maana nyoka hana kope, jicho lake limefunikwa na gamba linalopitisha mwanga. Ukikuta matundu mahali pa viduara, yamebaki machoni. Kisha nenda mkiani: ncha ipo? Gamba linalobaki kwenye ncha ya mkia hukauka na kubana kama uzi, damu haipiti, na ncha inakufa.

Likikwama, fanya hivi. Chukua boksi lenye matundu ya hewa, tandika taulo iliyolowa maji ya uvuguvugu, nyuzi 28 hadi 30, maji yasizidi nusu ya unene wa nyoka. Mwache humo nusu saa ukiwa karibu. Halafu mshike ndani ya taulo hiyohiyo kwa mkono uliolegea, apite mwenyewe. Gamba linabaki kwenye taulo. Usilivute likiwa kavu, utachuna na ngozi mpya.

Gamba la jicho usiliguse. Nimeona watu wakishauriana kutumia utepe wa gundi au kibano, na jicho likapotea. Pandisha unyevu, ongeza ficho lenye makumbi yaliyoloweshwa na kukamuliwa, subiri gamba linalofuata. Likibaki tena mara ya pili, mpeleke kwa daktari wa wanyama.

Hatua ya 3: Utitiri

Nyoka anayeshinda ndani ya bakuli la maji, mtilie shaka. Chungulia maji: vidoa vyeusi vidogo kama punje za pilipili manga iliyosagwa vimezama chini? Mpitishe kwenye karatasi nyeupe ya jikoni, halafu kagua chini ya kidevu na pembeni mwa macho. Kidoa kikitembea, au ukikibonyeza kikaacha alama ya damu, huo ni utitiri (Ophionyssus natricis).

Wengi wanashindwa kwa sababu wanamtibu nyoka na kuisahau nyumba. Utitiri hautagi mwilini, unataga kwenye nyufa na matandiko, na kwenye joto la kizimba yai linafika kuwa mdudu mzima kwa takriban wiki mbili. Kwa hiyo tupa matandiko yote ndani ya mfuko uliofungwa, tupa na mbao zenye nyufa, osha kizimba kwa maji ya moto, kausha, kisha tandika karatasi nyeupe tupu. Rudia kila siku chache kwa wiki sita, hata kama huoni kitu tena wiki ya pili. Dawa ya kumpaka nyoka mwenyewe achague daktari.

Hatua ya 4: Kifua na mdomo

Hapa usijaribu nyumbani. Nyoka anayepumua kwa mluzi, mwenye mapovu puani, anayeachama au kuinua kichwa juu ili apate pumzi, ana maambukizi ya njia ya hewa. Hana uwezo wa kukohoa makohozi kama sisi, kwa hiyo yanabaki ndani. Vivyo hivyo fizi nyekundu zenye usaha mzito. Pandisha joto hadi kiwango cha juu cha aina yake, mpigie daktari leo. Vidonge vilivyobaki vya binadamu usimpe, kipimo chake hukijui.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, chatu wangu wa mpira, dume la miaka minne, hajala miezi miwili. Nimlishe kwa nguvu?*

Hapana. Chatu wa mpira hufunga kula hata miezi kadhaa, hasa madume msimu wa kujamiiana. Mpime kwa mizani ya jikoni kila wiki na uandike. Akipoteza asilimia 10 ya uzito, au akianza kuonyesha mgongo, nenda kwa daktari. Kwa sasa hakikisha joto na maficho, na panya mfu umpashe moto ndani ya mfuko kwenye maji ya moto hadi nyuzi 38 hivi. Usitumie maikrowevu.

*Mkuu, nyoka wa mahindi katapika panya siku ya pili. Nimpe mwingine, maana ana njaa?*

Usimpe. Tumbo lake limeumia, subiri siku 10 hadi 14, kisha mpe panya nusu ya ukubwa ule. Panya asizidi unene wa nyoka mwenyewe. Je, ulimshika baada ya kula? Mwache saa 48 bila kumgusa. Akitapika tena, daktari apime kinyesi.

*Dawa ya viroboto vya mbwa inafaa kwa utitiri? Ninayo nyumbani.*

Usiipulize. Baadhi zina viambato vinavyoweza kuua nyoka kwa kipimo cha mbwa. Na kama una kobe chumba hichohicho, mwambie daktari mapema, maana ivermectin, dawa ya kuua vimelea ambayo wengine huitumia, ni sumu kwa kobe.

*Naweza kuwaweka wawili pamoja wasijisikie wapweke?*

Nyoka hawa hawahitaji mwenzao. Watagombea ficho la joto, na nyoka wa mahindi amewahi kummeza mwenzake. Mgeni akae peke yake, chumba kingine, siku 90.

*Dada hapa. Mwanangu ana miaka mitatu, anapenda kumgusa. Kuna shida?*

Ndiyo, dada. Nyoka mwenye afya tele anaweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, na watoto chini ya miaka mitano wanaumia zaidi. Atazame tu kwa sasa. Wewe nawa kwa sabuni kila ukimshika, na vyombo vyake usivioshee sinki la jikoni.

*Mwalimu, wangu anatoa mluzi tangu juzi. Chatu wa mpira. Kipimajoto kinasoma 31.*

Kihisio kiko wapi?

*Kimebandikwa ukutani, karibu na balbu.*

Kishushe sakafuni, ndani ya ficho la joto. Subiri saa moja uniambie.

*Nimekishusha. Inasoma 25.*

Basi analala kwenye baridi. Pandisha themostati hadi ficho lisome 32, ukipima palepale chini. Miadi ya daktari iwe kesho, na umwambie hicho kipimo cha 25.